Programu naipenda, hisa nimeuza

Watu wanaojua kwamba niliwahi kuweka pesa kwenye kampuni ndogo ya programu ya kuhariri video huniuliza swali moja: "Programu yao ni nzuri mno, sasa mbona hisa inashuka tu?" Wa mwisho kuniuliza alikuwa mdogo wangu, ambaye siku hizi anahariri kuniliko, na aliuliza akiwa ameshanunua hisa za kampuni nyingine ya aina hiyo hiyo. Nilimwambia avute kiti. Tuliongea hadi betri ya simu yake ikaisha. Haya ndiyo niliyomweleza, pamoja na mengine niliyoyakumbuka akiwa ameshaondoka.

Mimi mwenyewe niliingia kwa mlango huo huo. Kazi yangu kwa miaka mingi imekuwa kuhariri mahojiano na video za mafunzo, yaani kukaa mbele ya kompyuta saa nyingi ukikata vikohozi vya watu na "eeeh" zao. Kompyuta yangu ilikuwa kuukuu. Ukiipa faili za 4K, yaani video za ubora wa juu, zilizorekodiwa kwa simu ilianza kuvuma kama feni ya dari, kisha picha inaganda huku sauti ikiendelea yenyewe. Siku moja nikajaribu programu ya kampuni hii, ambayo jina lake nitalihifadhi. Nikaburuta faili tatu, nikazipanga, nikabonyeza kitufe cha kucheza. Picha ikatembea. Nikarudisha nyuma, nikaweka faili ya nne juu yake na maandishi, nikacheza tena. Ikatembea vile vile. Usiku huo huo nikagundua kwamba wenye programu wameorodheshwa kwenye soko la hisa, upande ule wa kampuni ndogo, na bei ya hisa moja ni senti kadhaa tu. Wiki haikuisha nikawa mwanahisa. Ripoti ya mwaka sikuifungua hata ukurasa. Kipenda roho hula nyama mbichi.

(Hiyo "senti kadhaa tu" nayo ilinilevya. Hisa ya senti kumi haina urahisi wowote ukiitazama peke yake. Izidishe kwa idadi ya hisa zote zilizotolewa, ndipo utajua soko linaithamini kampuni nzima kwa kiasi gani. Nilipokuja kupiga hesabu hiyo, miezi minane baadaye, nilikuta kampuni ilikuwa imethaminiwa zaidi ya mara ishirini ya mapato yake ya mwaka. Kwa kampuni inayopata hasara.)

Wahenga walisema ukipenda boga, penda na ua lake. Kwenye hisa usemi huu umewaponza wengi. Programu ni kitu kimoja na hisa ni kitu kingine, na si ajabu kimoja kikanawiri huku kingine kikifa. Watu wakongwe wa kazi hii wanaikumbuka programu ya kuhariri iliyoitwa Media 100. Miaka ya 1990 lilikuwa jina kubwa, kampuni yake ikiwa kwenye Nasdaq, soko la hisa la Marekani. Mwaka 2004 ikafilisika. Programu yenyewe haikufa: ilichukuliwa na Optibase, na mwaka uliofuata ikaenda kwa Boris FX, ambao waliendelea kuitunza. Mhariri aliyeizoea alibadilishiwa nembo tu kwenye kisanduku. Aliyekuwa na hisa ndiye aliyeumia.

Programu ya kuhariri ya Vegas nayo ni hivyo hivyo. Ilitengenezwa na Sonic Foundry, kampuni ya hisa iliyokuwa imevuma sana wakati wa homa ya intaneti ya mwisho wa miaka ya 1990. Mwaka 2003 waliiuza Vegas pamoja na Sound Forge na ACID kwa Sony Pictures Digital kwa dola milioni 18. Programu tatu ambazo maelfu ya watu walikuwa wakizitumia kila siku, zote pamoja milioni 18. Baadaye, mwaka 2016, Vegas ikahamia Magix ya Ujerumani. Imepita mikono mingi na bado inafungua video.

Halafu kuna kampuni ya Avid yenyewe, iliyoanzishwa mwaka 1987 na ambayo ndiyo iliyowatoa wahariri wa filamu kwenye mikasi na gundi. Hiyo hatuwezi kuiita ndogo kama hizi zetu. Mwaka 2005 iliinunua Pinnacle Systems, na wakati huo ilionekana hakuna wa kuisogelea. Mwaka 2023 ikanunuliwa yote na kampuni ya uwekezaji ya STG na kuondolewa sokoni, kila hisa ikilipwa dola 27.05. Aliyenunua mwaka 2005 akatulia miaka 18, huku Media Composer, programu ya Avid, ikiendelea kutawala vyumba vya kuhariri filamu, alilipwa chini ya bei aliyonunulia. Kwa hiyo mtu akikuambia "lakini inatumika Hollywood", mwitikie kwa heshima, kisha mwombe akuonyeshe taarifa ya mtiririko wa fedha, yaani pesa zilizoingia na zilizotoka.

Shaka ya kwanza inayokupasa kuwa nayo ni hii: nani hasa analipa? Chema chajiuza, tumefundishwa tangu utotoni. Kwenye programu za video, chema kinagawiwa bure. Tazama DaVinci Resolve. Kabla ya mwaka 2009, mitambo ya da Vinci ya kusahihisha rangi ilikuwa ya studio zenye uwezo, ikiuzwa kwa mamia ya maelfu ya dola. Blackmagic Design wakainunua mwaka 2009, mwaka 2010 wakaiuza programu peke yake kwa dola 995, na mwaka 2011 wakatoa toleo la bure. Baada ya hapo wakaiongezea uwezo wa kuhariri hadi ikawa programu kamili. Wanaweza kufanya hivyo kwa sababu wanauza kamera na vifaa. Apple waliweka programu yao ya kuhariri, Final Cut Pro X, sokoni mwaka 2011 kwa dola 299.99, ulipe mara moja, kwa sababu biashara yao ni kompyuta na simu. Kumbuka wahariri walivyolalamika mwaka ule, maana haikuweza hata kufungua kazi zilizofanywa kwenye toleo la zamani, na wengi wakahama. Apple haikuyumba hata kidogo. Kampuni inayoishi kwa programu hiyo peke yake ingekuwa imekwisha. CapCut ni ya ByteDance, wenye TikTok, wanaotaka video nyingi zitengenezwe. Adobe nao tangu mwaka 2013 waliacha kuuza matoleo mapya ya programu zao kubwa kwa malipo ya mara moja, wakaingiza usajili, na ndani ya usajili wa mfuko mzima Premiere, programu yao ya kuhariri video, ni kitu kimoja kati ya vingi.

Sasa weka kampuni yako ndogo katikati ya hao. Kile ambacho kwake ni riziki, kwa wenzake ni takrima.

Simaanishi kwamba haiwezekani. CyberLink ya Taiwan, wenye PowerDirector, na Wondershare ya China, wenye Filmora, ziko kwenye masoko ya hisa na zinauza. Lakini zina bidhaa nyingi na zimejua kumfikia mtumiaji wa kawaida kwa wingi. Kampuni ndogo isiyo na wingi huo hubaki na njia moja: kumtafuta mteja mwenye shida mahsusi, kama chumba cha habari au shirika linalorusha michezo, atakayelipa kwa mkataba. Ndiyo njia iliyochukuliwa na kampuni yangu. Na hapo ndipo maneno kama "mazungumzo yanaendelea vizuri" yalipoanza.

Kabla sijafika huko, niseme la yule dada. Kuna mwenzangu mmoja, dada anayehariri vipindi vya televisheni, mimi ndiye niliyemwonyesha ile programu. Aliisifia mpaka nikaona aibu kana kwamba nimeitengeneza mimi. Miezi michache baadaye nilikaa pembeni yake akifanya kazi ya mteja, nikaona dirisha lililofunguka ni la programu nyingine, ile ya siku zote.

"Dada, na ile yetu?"

"Ipo, kaka, sijaifuta. Ila hii kazi mteja anataka faili zake za mradi, na mpiga sauti naye anataka nimtumie kwa namna aliyoizoea. Nikianza kuwaelezea kila mmoja, siku imekwisha."

"Kwa hiyo unalipia?"

Akacheka. "Nilitumia ile ya majaribio. Siku zilipoisha niliona bado sijaihitaji."

Nilirudi nyumbani nikijiambia kwamba yeye ni mmoja tu. Leo ningempa pesa anisimulie tena, maana sijawahi kupata utafiti wa soko uliokuwa sahihi kama ule. Sifa haikuwa na thamani yoyote kwenye hesabu za kampuni. Mhariri haachi programu aliyoizoea kwa sababu nyingine ni nyepesi. Vidole vyake vimeshakariri vitufe, wenzake wanatumia hiyo hiyo, kazi za miaka mitano ziko humo ndani. Ukitaka kujua kama programu inauzika, waulize watu watano wanaoisifia walilipa lini mara ya mwisho.

Bei ya hisa iliposhuka kwa theluthi ndipo nikafungua ripoti. Nilikaa nazo mezani, ripoti za mwaka na za nusu mwaka, nikiwa na kalamu nyekundu. Sikuwa na elimu ya uhasibu, kwa hiyo nikaanza na kitu ninachokiweza, maneno. Nikapigia mstari kila mahali palipoandikwa "karibuni", "hatua za mwisho", "tuna imani". Kwenye ripoti ya kwanza kulikuwa na mteja mkubwa "aliye katika hatua za mwisho za majaribio". Miezi sita baadaye mteja yupo, majaribio "yamepanuliwa". Miezi sita mingine, "mazingira ya wateja wetu yamebadilika, lakini nia ipo". Ripoti ya nne haikumtaja kabisa. Hakuna aliyesema amekataa. Alipotea kimya kimya kama mgeni anayeondoka kwenye sherehe bila kuaga, na kwenye aya ile ile akaingizwa mwingine, naye yuko hatua za mwisho.

Fanya hivyo hata kama hufanyi lingine lolote katika haya ninayoandika. Soma ripoti nne au tano mfululizo kwa mkupuo mmoja. Ukisoma moja moja kila baada ya miezi sita, kila moja ina matumaini yake. Ukizipanga pamoja, unaona aliyepotea njiani.

Kisha nikaenda kwenye namba, na namba zina mambo matatu ambayo mtu asiye mhasibu anaweza kuyafuata.

La kwanza ni pesa iliyobaki benki. Chukua kiasi kilichopo mwisho wa kipindi, tazama kimepungua kiasi gani tangu kipindi kilichopita, na ugawanye. Tuseme kampuni ina milioni 3 na inatumia milioni 2 zaidi ya inazoingiza kila mwaka. Ina mwaka mmoja na nusu. Lakini usihesabu mwaka na nusu. Wakurugenzi hawatangoji senti ya mwisho. Wataenda kuomba pesa wakiwa bado na akiba ya miezi sita hivi, kwa sababu ukiomba umeshakauka unapewa bei ya kukomolewa. Pia wanatakiwa kueleza kwenye ripoti kama wanaamini kampuni itaweza kuendelea na shughuli zake kwa angalau miezi 12 ijayo. Itafute aya hiyo. Ikiwa imeandikwa kwamba kuna mashaka makubwa kuhusu kuendelea huko, mkaguzi wa hesabu naye ataligusia kwenye maoni yake, na hapo usingoje mtu akufasirie.

La pili lilinichukua wiki nzima kulielewa, na ndilo lililonikasirisha zaidi, ingawa ni halali kabisa. Ripoti ilisema hasara imepungua. Nikafurahi. Halafu nikaona pesa benki imepungua kiasi kile kile cha mwaka uliotangulia. Inawezekanaje? Jibu lilikuwa kwenye mishahara ya watengeneza programu. Kwa kanuni ya kimataifa ya uhasibu ya IAS 38, gharama za kuendeleza bidhaa zikitimiza masharti fulani huandikwa kwenye mizania (orodha ya mali na madeni ya kampuni) kama mali, kisha hupunguzwa kidogo kidogo kwa miaka inayofuata. Kwa hiyo kampuni ikilipa watengeneza programu milioni 1, na ikaamua laki 6 kati ya hizo ni za kuendeleza toleo jipya, ni laki 4 tu zitakazoonekana mwaka huo kama matumizi. Pesa yote milioni imeshatoka mlangoni, lakini kwenye taarifa ya faida na hasara mambo yanaonekana afadhali. Hakuna aliyeiba. Ila wewe unayesoma ukurasa wa kwanza peke yake umeshaelewa vibaya. Tangu siku hiyo nikipata ripoti naanza na taarifa ya mtiririko wa fedha, narudi mbele baadaye, na barua ya mwenyekiti naisoma mwisho kabisa, nikiwa na muda.

La tatu ni zuri, kwa hiyo nalo lisisahaulike: pesa ambazo wateja wamelipa mbele. Mteja akilipia usajili wa mwaka mzima mwezi Januari, kampuni hairuhusiwi kuziandika zote kama mapato siku hiyo. Inaziandika kidogo kidogo kila mwezi, na zilizobaki zinakaa kwenye mizania kama mapato yaliyoahirishwa. Hiyo namba ikikua kila ripoti, watu wanalipa na wanaendelea kulipa, na unaweza kuvumilia mengine mengi. Ya kampuni yangu ilisimama pale pale miaka miwili.

Usifikiri hili la lini mapato yaandikwe ni jambo dogo la wahasibu. Avid niliyoitaja iliponzwa na suala la aina hiyo: masasisho ya programu waliyokuwa wakiwapa wateja bila malipo yalimaanisha kwamba mapato ya mauzo yalipaswa kutandazwa kwa muda mrefu badala ya kuandikwa mara moja. Mwaka 2013 walishindwa kutoa hesabu kwa wakati wakilichunguza jambo hilo, mwanzoni mwa mwaka 2014 wakaondolewa Nasdaq, na hawakurudi hadi Desemba mwaka huo. Ikiwa kampuni yenye ukubwa ule ilikwama hapo, kampuni ndogo yenye mhasibu mkuu na msaidizi mmoja inastahili jicho kali zaidi. Ripoti ikichelewa bila maelezo yanayoeleweka, mimi sikai kuimba mapambio.

Kuna na ukurasa wa wateja. Kanuni nyingine ya kimataifa ya uhasibu, IFRS 8, inaitaka kampuni iliyoorodheshwa kusema kama kuna mteja mmoja anayeleta asilimia 10 au zaidi ya mapato, hata bila kumtaja jina. Kwangu kulikuwa na "Mteja A" aliyekuwa akileta zaidi ya theluthi. Nilikuwa nadhani nina hisa kwenye kampuni ya programu, kumbe nilikuwa na hisa kwenye uamuzi wa meneja mmoja wa manunuzi nisiyemjua.

Mkutano mkuu wa mwaka ulipofika nilihudhuria kwa njia ya video. Nilikuwa nimeandaa swali moja nikaliandika mara tatu ili lisiwe la ugomvi: kati ya waliolipa mwaka jana, wangapi wamelipa tena mwaka huu? Mkurugenzi alinishukuru kwa swali zuri. Akasema idadi ya watumiaji waliojiandikisha imeongezeka maradufu. Nikaandika tena kwenye kisanduku cha maswali kwamba naulizia waliolipa. Mwenyekiti akasema muda umetutupa mkono. Sikuhitaji jibu tena. Namba nzuri hutajwa bila kuulizwa.

Nije kwenye hisa mpya, maana hapa ndipo wenzangu wengi waliumizwa wakidhani ni habari njema. Tangazo lilitoka asubuhi kabla soko halijafunguliwa: kampuni imefanikiwa kupata mtaji. Neno "imefanikiwa" lilikuwa kwenye kichwa cha habari. Chini yake kukaandikwa kwamba hisa mpya zimeuzwa kwa wawekezaji wakubwa kwa bei iliyo chini ya bei ya jana. Tuseme kampuni ilikuwa na hisa milioni 100 na wewe una laki moja, yaani asilimia 0.1. Ikitoa nyingine milioni 40 na wewe hukupewa nafasi ya kununua, laki yako sasa ni asilimia 0.071. Umiliki wako umezimuliwa kama rangi ya ukuta iliyoongezwa maji ili itoshe nyumba nzima. Ili ubaki pale ulipokuwa, kampuni inapaswa ikue kwa asilimia 40 kwa jumla, na mwaka wa tatu wanakuja tena. Nenda kwenye ripoti ya zamani zaidi unayoweza kuipata, andika idadi ya hisa ya wakati ule na ya sasa. Ya kwangu ilikuwa imezidi mara mbili. Yule aliyekuwa na subira kuliko wote ndiye aliyezimuliwa kuliko wote.

Kuhusu tumaini kwamba kampuni kubwa itakuja kuinunua, sitaongea mengi. Ni kweli huwa inatokea. Mwaka 2021 Adobe waliinunua Frame.io, kampuni ya huduma ya kukagua video kwa pamoja mtandaoni, kwa dola bilioni 1.275, na kila mwanahisa wa kampuni ndogo ya video alilala akiota. Ila Frame.io haikuwa hata kwenye soko la hisa, na ilikuwa na wateja wengi waliokuwa wakilipa. Mnunuzi mwenye akili anayeona kampuni inaishiwa pesa hana haraka. Anaweza kungoja ianguke, achukue programu na watengenezaji wake, wewe akuache na karatasi.

Jambo ambalo hakuna aliyenionya ni la kutoka. Nilipoamua kuuza nilifungua akaunti yangu nikakuta wanunuzi wanatoa senti 8 na wauzaji wanataka senti 10. Bei "ya hisa" iliyokuwa ikionekana kila siku, ile ya 9 niliyokuwa nikiizidisha kwa hisa zangu na kujiona nina kitu, haikuwepo popote. Na hiyo 8 ilikuwa ya hisa chache tu. Nilipoweka oda ya kuuza robo ya nilizonazo, ilijazwa nusu, bei ikashuka hadi 7.5, mimi mwenyewe nikiwa ndiye niliyeishusha. Nikafuta. Kesho yake nikauza kidogo kwa kuweka kikomo cha bei, kesho kutwa kidogo, siku nyingine hakukuwa na mtu kabisa. Ilinichukua karibu wiki saba. Kwa hiyo kabla hujaingia kwenye hisa kama hizi, tazama ni hisa ngapi zinazobadilishana mikono kwa siku ya kawaida. Ukikuta unazotaka kununua ni zaidi ya hizo, jua kutoka kwako hakutakuwa kwa mlango mmoja. Na usiuze kwa bei yoyote itakayopatikana, hasa siku ya habari mbaya. Weka kikomo chako.

Mdogo wangu aliniuliza sasa afanye nini, auze au angoje. Sikumjibu auze. Nilimpa karatasi nikamwambia aandike shaka zake, lakini kila shaka iwe na namba na tarehe. "Naogopa Resolve" haikukubaliwa. "Mapato yaliyoahirishwa yawe yamepanda kwenye ripoti ya nusu mwaka, la sivyo nauza nusu" ilikubaliwa. Aliandika tatu. Ya pili ilihusu pesa benki: ziwe zinatosha miezi 15 baada ya ripoti. Ya tatu aliifuta mara mbili, mwishowe akaandika kwamba mteja mkubwa aliyeahidiwa awe ametajwa kwa jina na thamani ya mkataba, si "hatua za mwisho". Akaikunja karatasi akaitia kwenye kifuko cha simu.

Mimi mwenyewe sikufanya hivyo mapema, na ndiyo maana niliuza kwa chini ya nusu ya nilichoweka. Kilichonikawiza ni kwamba kila nilipotaka kuuza nilikuwa naifungua ile programu, naburuta faili, inacheza bila kukwama, natulia. Nilikuwa natibu ugonjwa mmoja kwa dawa ya mwingine.

Ripoti ya nusu mwaka ya kampuni ya mdogo wangu inatoka baada ya wiki tatu. Yangu ya zamani nayo ilitoa toleo jipya mwezi uliopita, na sasa inatoa manukuu yenyewe kwa akili unde. Nimeshalipia mwaka mzima.